Jinsi ya kumtafuta mzee wako wa Frere Town kwa majina yake

Mama yake nyanya yangu alikuwa na majina matatu, na majina hayo hayajuani. La kwanza alipewa bara, huko upande wa Nyasa, na hilo limepotea. La pili alipewa nyumbani kwa bwana aliyemnunua. La tatu alimwagiwa nalo maji kichwani hapa Frere Town, kijiji cha misheni cha watumwa waliokombolewa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Siyaandiki hapa kwa sababu binamu zangu wa Kisauni na wale wa Rabai bado wanabishana ni yupi hasa kati ya wanawake wawili waliomo kwenye daftari la ubatizo, nami nimechoka kupigiwa simu usiku.

Nilikuwa karani wa shule miaka 29. Nilipostaafu nikasema sasa nitamtafuta huyu bibi. Imenichukua miaka minne, na miwili kati ya hiyo niliipoteza bure kwa kuanza vibaya. Haya ninayoeleza ni yale ambayo laiti ningeambiwa mapema. Yatamfaa mwenye mzee wa Frere Town au wa Rabai, misheni iliyoitangulia. Mwenye mzee wa Ribe kwa Wamethodisti, wa Mbweni kule Unguja, au wa misheni ya Wakatoliki Bagamoyo, abadilishe majina ya mahali tu, mengi yanafanana.

Usianze kwa kuuliza dini

Hapo ndipo nilipopotea. Nilizunguka na daftari langu nikiuliza, "Asili yetu sisi ni dini gani?" Kila mtu alinijibu dini yake yeye. Mjomba wangu wa kanisani alisema sisi ni Wakristo tangu hapo. Shangazi aliyeolewa Majengo akasema tulikuwa Waislamu, Wazungu wakatubadilisha. Mzee mmoja wa Rabai alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu, akasema koma, yaani mizimu ya wazee, haziulizwi zinasali wapi. Niliwaona wote watatu waongo. Kumbe kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake cha maisha ya mtu mmoja.

Fikiria safari yenyewe. Mtoto anatekwa bara, kwao wanatambika kwa wazee wao. Anafikishwa pwani, anauzwa kwenye nyumba ya Waislamu, anakula, anavaa na kuhesabu miezi kama wao. Anapakiwa jahazini, manowari ya Kiingereza inalikamata jahazi, anashushwa Mombasa. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika kwa Sultani Barghash wa Zanzibar, ametumwa na Uingereza, na mwaka huohuo mkataba ukafunga masoko ya watumwa. Waliokamatwa baharini walihitaji mahali pa kuwekwa. Zamani walikuwa wakipelekwa Aden, Bombay au Shelisheli. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, wakapata shamba ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakaliita kwa jina la huyo Frere. Waliowekwa hapo watu wa pwani waliwaita mateka: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, hawana lugha moja isipokuwa Kiswahili walichojifunzia utumwani, kila mmoja na dini aliyotoka nayo na nyingine aliyoikuta njiani.

Sasa mtu kama huyo ukimuulizia "dini ya asili" utakuwa umemkata vipande. Ulizia majina. Jina lina aliyelitoa, na aliyelitoa ana dini, ana mahali na ana mwaka.

Karatasi yenye safu nne

Chukua fulskepu, ilaze, piga mistari upate safu nne: jina, nani alilitoa, wapi, lini. Kila jina lipe mstari wake: la bara mstari wa kwanza, la utumwani wa pili, la ubatizo wa tatu. Ulilo na hakika nalo andika kwa wino. Unalokisia andika kwa penseli, na usione haya karatasi ikiwa penseli tupu kwa mwaka mzima.

Jina la bara huwa ndilo gumu, nalo mara nyingi limejificha mwishoni, limegeuka kuwa jina la ukoo. Mfano mzuri uko wazi kwa kila mtu: James Juma Mbotela, mtoto wa mzee aliyekombolewa akaletwa Frere Town, ndiye aliyeandika habari za wazee hao kwa Kiswahili miaka ya 1930. Soma jina lake kutoka nyuma kuja mbele. Mbotela ni la bara. Juma ni la pwani. James ni la ubatizo. Safari nzima imo humo, na ukoo wa namna hiyo una bahati, kwa sababu wengi wetu tulipoteza la nyuma kabisa.

Jina la utumwani utalijua kwa sauti yake. Waungwana hawakumpa mtumwa majina yao ovyo ovyo. Utakuta Mabruki, Baraka, Farajala, Feruzi, Almasi, Songoro, Uledi, Majaliwa, au siku tu, Juma, Khamisi. Wanawake utakuta Zafarani, Bahati, Faida, Zawadi. Jina hilo huwa peke yake, halina "bin" wala "binti", au likifuatwa na jina basi ni la bwana. Angalia sana hapa: jina la namna hii halikuambii kwamba mtu alikuwa Mwislamu. Wako waliofundishwa kusali, wakafunga, wakatahiriwa. Wako walioachwa waje na lao. Mimi safu hiyo naandika "nyumba ya Kiislamu" na kuishia hapo mpaka nipate ushahidi mwingine.

Jina la ubatizo ndilo rahisi kulipata na ndilo linalodanganya zaidi. Ninazijua familia mbili zinazomtafuta Mwingereza ukooni kwa sababu jina lao la ukoo ni la Kiingereza. Hayupo. Watoto wa misheni walipewa majina ya Biblia, ya wamisionari, ya watu wa Ulaya waliokuwa wakichangia malezi yao. William Jones alikuwa Myao. Jacob Wainwright, yule aliyesafiri na maiti ya Livingstone mpaka Uingereza mwaka 1874, alikuwa Myao vilevile. Hao wawili walilelewa India, Nasik, kwenye kituo cha watoto waliokombolewa kilichokuwa chini ya William Salter Price, na Price huyohuyo ndiye aliyekuja kuianzisha Frere Town. Kwa hiyo ukiona mzee wako ana jina la Kiingereza kabla ya 1875, akajua kusoma na kazi ya mikono, na nyumbani kuna mchuzi wa bizari ambao hakuna anayejua umetoka wapi, ulizia Bombay. Watu wa Bombay, ndivyo walivyoitwa hao waliolelewa India, walianza kufika Rabai mwaka 1864, miaka kumi na zaidi kabla ya mateka, na hawakupenda kuchanganywa nao.

Kwa wazee: uliza chakula, uliza maiti

Usiende na simu imewashwa kurekodi. Nenda na mahamri, kaa, ulizwa habari za kwenu mpaka ziishe. Rekoda itoe siku ya pili, kwa ruhusa.

Maswali yanayozaa ni haya. Kukiwa na sherehe, nani alikuwa akichinja? Alipokufa fulani, nani alimwosha na nani alikaa nje? Kitu gani hamkuwa mkila, na mliambiwa kwa nini? Wasichana walichezwa unyago, au hawakuchezwa? Maulidi yakisomwa jirani, nani wa kwenu alikwenda?

Swali la kuchinja pekee lilinipa zaidi ya mwaka mzima wa kuuliza dini. Nyanya mmoja wa Kisauni, aliyepita miaka tisini, nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba huku akiniangalia miguu kama kwamba viatu ndivyo vilivyomsalimu. Nikamuuliza nani alichinja Krismasi. Akajibu papo hapo: jirani yao Mwislamu, kila mwaka, tena alipewa kichwa na mguu. Kwa nini? "Wewe vipi? Kina mama mdogo wangekula nini?" Ndivyo nilivyojua kwamba bibi yangu alikuwa na ndugu wa kike, kwamba ndugu huyo alibaki Mwislamu, na kwamba walikuwa wakikaa mkeka mmoja Desemba. Hakuna daftari la kanisa lililonipa hilo.

Nyanya huyohuyo akaongeza jambo kwa kupitia. Mtu akitaka kusafiri, bibi yangu, ambaye Jumapili hakukosa kiti chake, alikwenda alfajiri kwenye mwembe nyuma ya nyumba akamwaga unga shinani, taratibu, mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo chenye ncha. Kisha anafunika kwa chungu. Kesho yake wanatazama: ukisimama, safari ipo, ukibomoka, wanaahirisha. Nilidhani ni mambo ya Mijikenda. Siyo. Kumwaga unga shinani mwa mti ni desturi ya Wayao na ya jirani zao wa kule. Kwa kiganja kimoja cha unga nilipata kitu cha kutia mstari wa kwanza, walau kabila, kwa penseli nzito.

Kwa hiyo mzee akisema "alikuwa na vituko vyake", usicheke ukapita. Simama hapohapo uulize kituko gani.

Daftari la ubatizo

Hapa ndipo kazi yangu ya ukarani ilipoanza kunilipa. Daftari haliongopi, anayeongopa ni anayelijaza Ijumaa saa tisa alasiri akitaka kwenda nyumbani.

Chukua barua kutoka kanisa lako, au kwa chifu kama husali huko, nenda siku ya kazi asubuhi, siyo Jumapili, wala wiki ya kipaimara. Ofisi moja niliyokwenda, sitaitaja, niliambiwa madaftari ya zamani yaliliwa na mchwa. Nikalia kidogo, nikaondoka. Miezi sita baadaye nilirudi kwa jambo lingine, nikakuta bawabu mpya amefungua stoo, na dirisha la stoo limezuiwa lisifunge kwa kitabu kinene chenye mgongo wa ngozi. Ndicho. Mchwa walikuwa wamekula jalada tu na majina ya watu wa A. Rudi mara ya pili, na ukifika mara ya pili muombe anayeshika funguo badala ya anayeshika muhuri.

Ukishalipata, usitafute jina la ukoo. Tafuta tarehe. Watu wazima walibatizwa makundi makundi, mara nyingi kwenye sikukuu, baada ya kufundishwa kwanza. Kwa hiyo ukiona majina mengi ya siku moja yenye safu ya wazazi tupu, unatazama watu walioshushwa pamoja. Aliyekuwa mstari wa juu na wa chini ya mzee wako huenda walikuwa naye jahazi moja. Waandike hao pia. Kizazi chao ndicho utakachokwenda kukiuliza.

Safu ya wazazi ikiwa na mstari tu, usihuzunike, ni dalili. Mtoto aliyezaliwa misheni ana wazazi. Mstari ni wa aliyeletwa.

Soma kwa sauti, usisome kwa macho. Mzungu aliandika alichosikia, na aliyesema naye alisema kwa lafudhi ya kwao. R na L zimebadilishana kila ukurasa. Mabruki nimemkuta kwa maandishi manne tofauti, na ni mtu mmoja, anatia sahihi kwa alama ya msalaba mara zote.

Kisha tazama mashahidi. Watu wa Bombay ndio waliojua kusoma, kwa hiyo majina yao yanajirudia kwenye ndoa na ubatizo wa wengine. Ishmael Semler na William Jones, waliopewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, walikuwa watu wa namna hiyo. Kwa Mzungu daftari ni la misheni, lakini aliyekaa na mateka jioni na kuwafundisha Baba Yetu kwa lugha wanayoielewa mara nyingi alikuwa mwenzao aliyevuka bahari mara mbili.

Na pembeni mwa ukurasa. Kando ya jina la mume wa bibi yangu kuna maneno machache ya wino mwingine, ya Kiingereza, kwamba ameondoka kwenda mjini na amerudi kwenye Uislamu. Niliyasoma mara tatu. Neno lililonishika ni kurudi. Karani akiandika mwanafunzi amerudi, maana yake alikuwapo kwanza. Mstari wake wa pili nikaupitishia wino.

Piga picha karibu na dirisha, bila mwako, na weka kikaratasi chenye namba ya ukurasa ndani ya picha. Mimi nilipiga 212 siku ya kwanza bila kikaratasi. Nilirudia zote.

Makaburini, tazama vichwa

Watu huniambia kaburi la Mwislamu na la Mkristo unalijua kwa mwelekeo. Hapa Mombasa jihadhari. Makka kwetu iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Maiti ya Mwislamu inalazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kichwa kiko mashariki na miguu magharibi. Mkristo kwa mila ya zamani alilazwa kichwa magharibi, miguu mashariki, ili akifufuka aamke anatazama macheo. Makaburi yote mawili yanalala mstari mmoja. Kilichopishana ni kichwa. Ukikuta kaburi la zamani bila maandishi, tafuta jiwe lililo kubwa au lililosimama peke yake liko upande gani kabla hujasema kitu. La Mwislamu nalo mara nyingi lina vijiwe viwili, kichwani na miguuni.

Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, maandishi yaliyofutika huonekana kwa kivuli. Usipake chaki, usisugue kwa brashi ya waya. Maji ya chupa yanatosha.

Ukifika upande wa Wagiriama unaweza kukutana na vigango, nguzo za mbao zilizochongwa za wazee wa chama cha gohu, au koma, nguzo ndogo za watu wa kawaida. Usiguse, na ukipiga picha omba kwanza. Vigango vingi viliibwa vikauzwa mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani, vichache vimerudishwa, na wenyewe wanamtazama kila mtu mwenye kamera kwa jicho hilo.

Siku moja Rabai

Panda matatu mpaka Mazeras, kisha boda au tuktuk. Toka mapema, maana jua la kule halina huruma na duka la maji liko mbali na vitu unavyotaka kuona.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikufa mwaka huohuo, na kaburi lao liko upande wa Nyali. Mwenzake Johannes Rebmann alimfuata 1846 wakahamia Rabai. Kuna makumbusho ya Krapf, kuna kanisa, kuna nyumba zao. Lakini jambo la kulitia akilini ni hili: miaka ile ya mwanzo karibu hakuna aliyebatizwa. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Warabai waliwapa Wazungu mahali pa kukaa, wakawasikiliza, wakaendelea na kaya yao, makao yao matakatifu msituni. Hata tafsiri ya kwanza ya Krapf ya kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Kwa hiyo mtu akikuambia "sisi wa Rabai ni Wakristo tangu 1846", mpe pole pole hesabu.

Waliojaza kanisa la Rabai ni watu wa Bombay, mateka, na watoro. Hawa watoro watafute vizuri, wamesahauliwa. Walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya pwani wakajificha misheni au kwenye vijiji vyao wenyewe. Kijiji cha Fuladoyo kiliongozwa na Mgiriama Mkristo, David Koi, watu wakisali bila Mzungu wa kuwasimamia, mpaka Koi alipouawa mwaka 1883. Wenye watumwa wa Mombasa walikuwa na hasira na misheni kwa sababu ya watoro, wakatishia kuivamia Frere Town. Ndiyo maana ya ile kengele ya Frere Town ambayo leo matatu zinaita kituo Kengeleni na abiria hawajui ilikuwa ikionya nini. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA aliwalipa mabwana, watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mzee wako akiwa amebatizwa Rabai kabla ya mwaka huo, na hakuna simulizi ya meli nyumbani, anza kumfikiria kama mtoro. Kuna familia hazipendi neno hilo. Mimi nalipenda kuliko mateka: mmoja alikombolewa, mwingine alijikomboa kwa miguu yake.

Kama una nafasi, omba wazee wakuingize Kaya Mudzi Muvya. Usiende mwenyewe. Utavua viatu, utavaa nguo utakayopewa, utanyamaza utakapoambiwa.

Upande wa kadhi, na karatasi za mbali

Wengi huishia kanisani wanapokosa jina huko. Usiishie. Waliotoka misheni kwenda mjini walioa, na ndoa ya Kiislamu ina cheti. Uliza familia kwanza kama kuna cheti cha kadhi kwenye kasha. Sisi tulikuta kimefungwa ndani ya leso pamoja na risiti ya baiskeli. Utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, mabwana walidai fidia serikalini, na madai huwa na majina ya watumwa, yale ya mstari wa pili. Anzia kwenye nyaraka za taifa Nairobi, na uende na majina ya bwana, siyo ya mtumwa, maana faili limefunguliwa kwa jina la anayelipwa.

Barua za wamisionari wa CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Zina mengi, ila zisome kama karani anavyosoma barua ya mzazi anayeomba kuongezewa muda wa karo. Ziliandikwa kwa watu wanaochangia. Waliobatizwa wanatajwa kwa furaha, wanaotoroka misheni wanatajwa kwa ufupi. Msimamizi wa Frere Town alipolaumiwa mwaka 1881 kwa kuwachapa watu viboko, ilibidi balozi wa Kiingereza achunguze ndipo mambo yakaandikwa kwa urefu. Ukitaka kujua kwa nini mume wa bibi yangu aliondoka, mimi ningeanza kutafuta miaka hiyo.

Ukipeleka matokeo nyumbani

Toa nakala kwa kila upande siku moja, saa moja. Nilikosea nikawapa wa Rabai kwanza, na wa Kisauni wakasema nimeshaandika historia ya kanisa. Andika juu ya kila karatasi umeipata wapi na tarehe gani. Usifupishe mtu kwa neno moja la dini. Andika safu zote nne hata kama mjomba atanuna. Wangu alinuna tangu Pasaka, lakini nakala aliichukua, na nimesikia ameipeleka kutiwa plastiki.

Kisanduku cha kwanza, lile jina la bara, kwenye karatasi yangu bado kiko wazi. Mjukuu wangu alipata jina zuri la Kiyao kwenye simu akataka kukijaza. Nikamnyang'anya kalamu, nikampa penseli.